Miaka 30 ya Kunolewa

Mwaka 2021 walimu wa Kenya walitangaziwa neema: moduli sita za kujiendeleza kitaaluma, kila moja miaka mitano, kwa ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwa mwalimu mwenyewe. Piga hesabu. Mwalimu wa Kiingereza anayeanza akiwa na umri wa miaka 35 (na waliosota mtaani wakisubiri ajira wanajua umri huo si kichekesho) angehitimu akiwa na 65, ilhali kustaafu ni 60. Hiyo mitano ya mwisho angewafundisha wajukuu.

Si kwamba hapendi kusoma. Anapenda mno. Muulize kuhusu shahada yake ya uzamili: tasnifu inahusu mbinu za kuwachochea wanafunzi waandike insha, na kwa ajili yake insha za darasa lake zimelala mezani tangu muhula uliopita, hazijaguswa na kalamu nyekundu. Darasani kiranja ananakili muhtasari ubaoni. Utafiti, nasikia, unaendelea vizuri.

Halafu kuna warsha. Mkufunzi husimama na kusoma slaidi neno kwa neno mbele ya watu ambao kazi yao ni kufundisha kusoma. Mada: kumshirikisha mwanafunzi. Muda wa maswali, samahani sana, umekwisha. Mkono mmoja tu hupewa nafasi: nauli inalipwa kabla ya picha ya pamoja, au baada?