Paja la Krismasi na Sufuria ya Wifi

Kiporo cha nguruwe kinaonewa katika nyumba nyingi, na nyumba ya wakwe zangu kule Marangu ilikuwa mojawapo mpaka Krismasi iliyopita. Paja zima linachomwa taratibu tangu alfajiri, linaliwa kwa heshima zote tarehe 25, halafu tarehe 26 linatupwa kwenye kikaango chenye mafuta ya chupa na kukaangwa mpaka linakauka kama gome. Kisha watu wanalalamika kwamba nguruwe wa jana hana ladha. Ladha anayo. Anachokosa ni mtu wa kumpikia upya.

Desemba nyumba ile hujaa. Wachaga hupanda mlimani kutoka kila pembe ya nchi, na kwetu wanafika mpaka wa Tanga, maana wifi yangu mkubwa ameolewa huko na mume wake ni Mwislamu. Wanakuja kila mwaka na watoto wao. Mama mkwe alishapanga mambo zamani: nguruwe ana jiko lake la nje chini ya mparachichi, ana kikaango chake, sufuria zake, ubao wake, na kisu ambacho mpini umezungushiwa kitambaa chekundu. Jiko la ndani ni la machalari, kuku na pilau ya wifi. Hata friji nguruwe haingii. Sijawahi kumsikia Mama akilihubiri jambo hili. Amelipanga tu, na kila mtu mzima anajua mpaka uko wapi.

Jioni ya Krismasi lilibaki karibu nusu ya paja. Baba mkwe alishauri lifunikwe na kuachwa pale pale jikoni, kwa kuwa mlimani kuna baridi. Nikamwambia, "Baba, baridi hii inatosha kumfunika mtu blanketi, nyama haiitoshi." Vijidudu vinavyoharibu chakula huzaliana kwa kasi kati ya nyuzijoto 4 na 60 za Selsiasi, na usiku wa Desemba Marangu haushuki hata karibu na 4. Nyama iliyopikwa haipaswi kukaa nje zaidi ya saa mbili. Basi nikaitoa kwenye mfupa, nikaikata mapande ili ipoe upesi, nikaitia kwenye bakuli lenye mfuniko pamoja na mchuzi wake wote uliodondoka wakati wa kuchoma. Bakuli likaingia kwenye sanduku la barafu, katikati ya chupa za maji tulizozigandisha tangu mkesha. Ngozi niliibandua, nikaifunga peke yake kwenye karatasi. Ngozi iliyokauka vizuri ikilala na nyama yenye unyevu inaamka imelegea, na hapo nusu ya utamu wa nguruwe imepotea.

Asubuhi shemeji yangu mdogo alinitangulia. Nilipotoka nje alikuwa ameshatoa mapande mawili, ameyakaanga kwa mafuta mengi juu ya moto mkali, na moshi umejaa mpaka kwenye migomba. Alinipa kipande nionje. Kilikuwa kigumu, na kina ile harufu ambayo kila mla kiporo anaijua, harufu ya mafuta yaliyochoka. Harufu hiyo ina sababu yake. Nyama ikipikwa, madini ya chuma yaliyofungwa ndani ya protini huachiwa, yanakutana na mafuta na hewa, na mafuta yanaanza kuharibika hata yakiwa kwenye baridi. Watafiti wawili, Tims na Watts, waliandika kuhusu jambo hili mwaka 1958. Nguruwe huathirika upesi kuliko ng'ombe kwa sababu mafuta yake ni laini zaidi. Ukiipasha moto mkali bila kitu cha kuilinda, unaizindua harufu ile na kuyafukuza maji iliyobaki nayo. Dawa yake ni kuizuia nyama isikutane na hewa: ilale ndani ya mchuzi na mafuta yake, na iamshwe humo humo.

"Shemeji, niachie yaliyobaki," nilimwambia. "Leo tunakula sandwichi."

Akacheka, lakini akaniachia, na akajitolea kuwasha mkaa.

Tulimtuma mtoto wa wifi, kijana wa darasa la nne, akanunue mkate wa slesi dukani. Alichukua muda mrefu. Duka la kwanza lilikuwa limefungwa, la pili mkate ulikwisha tangu mkesha, na hela hakutaka kurudi nazo mkononi. Akaja na mfuko wa skonzi. Shemeji mdogo alitaka arudishwe njiani. Nguruwe kwenye mkate wenye sukari? Mimi nilimpokea mtoto kwa mikono miwili. Wakuba wana sandwichi yao iitwayo medianoche, inayotengenezwa kwa mkate laini wenye mayai na utamu wa sukari. Ndani kuna nguruwe aliyeokwa, jibini, haradali na matango ya siki, halafu inabanwa kwenye chuma cha moto mpaka ikauke upande wa nje. Utamu wa mkate unaikubali chumvi ya nyama, mradi pawe na kitu kichachu cha kuvipatanisha. Haradali hatukuwa nayo. Lakini wifi huwa hasafiri kutoka Tanga bila chupa ya achari ya ndimu.

Nyama nilitaka ikatwe ikiwa bado baridi, maana ikiwa ya moto inachanika. Nikaikata vipande vyembamba sana, kinyume cha nyuzi zake. Chini ya bakuli palikuwa na tabaka mbili: juu mafuta meupe yaliyoganda, chini yake mchuzi uliokuwa umegeuka rojo linalotikisika. Watu wengi hulitupa rojo lile wakidhani ni uchafu, na roho inaniuma kila nikiona linamwagwa. Ni ile mishipa migumu ya paja iliyoyeyuka wakati wa kuchoma. Likipata joto kidogo linarudi kuwa mchuzi mzito unaoshikamana na nyama.

Ngozi ilitangulia. Niliikatakata, nikaitia kwenye kikaango kikavu kikiwa bado baridi, na moto mdogo chini yake, ikatoa mafuta yenyewe na kurudi kuvunjika kwa sauti. Wapishi wa kitimoto wanalijua hili: nguruwe ana mafuta yake, hahitaji ya kuazima. Nikaipakua. Katika mafuta yale yale nikakaanga vitunguu maji mpaka vikawa vya kahawia, nikaongeza kitunguu saumu na pilipili manga, halafu rojo lote. Lilipochemka ndipo nyama ikaingia, nikaifunika. Haikukaa sana: ilipofuka mvuke kila mahali na mchuzi ukiwa unatokota katikati, nikaiepua. Nikakamulia ndimu.

Wifi alikuwa amekaa mbali kidogo kwenye kigoda, anakata kachumbari na kuigawa kwenye mabakuli mawili. Akaniuliza mkate nitaubana kwa kitu gani. Nikamwambia nitauwekea jiwe.

"Wifi, jiwe la nini? Fanya kama mkate wa kumimina. Moto chini, moto juu."

Hapo ndipo nilipompenda upya. Kule pwani mkate wa kumimina huiva kwa makaa chini ya chombo na makaa mengine juu ya mfuniko. Sufuria ndogo ikijazwa makaa na kuwekwa juu ya skonzi ingezibana na kuzichoma kwa pamoja. Shemeji mdogo akamwagiza mtoto yule yule, mwepesi wa miguu, alete sufuria ndogo.

Akaleta. Nikapanga skonzi nne kwenye kikaango, kila moja imepakwa achari, imejazwa nyama, ngozi na kachumbari. Makaa yakaingia, sufuria ikakaa juu, mafuta yakaanza kulia. Zikawa zinanukia kiasi kwamba hata Baba aliacha redio yake barazani. Wifi akainua macho, akaitazama ile sufuria, akanyamaza. Ilikuwa ni yake, aliyokuja nayo kutoka Tanga, anayochemshia maziwa ya mtoto wake mdogo. Kitako chake kizima kilikuwa kimelowa mafuta ya nguruwe.

Mtoto alipoona nyuso zetu alianza kulia. Mama mkwe alitoka ndani, akaelewa bila kuambiwa, akasema atanunua nyingine Moshi mjini kesho yake. Alionekana kuumia kweli. Mpaka alioulinda miaka yote ulikuwa umevukwa uani pake.

Mume wa wifi alikuja taratibu kutoka kwenye migomba. Akamshika mwanawe begani. "Mama, usinunue kitu. Sufuria inaoshwa."

Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, chombo kilichoguswa na nguruwe husafishwa mara saba, na mojawapo kwa udongo. Sufuria ilipopoa, aliibeba yeye mwenyewe hadi kwenye bomba, akamwambia mtoto achote udongo safi chini ya mgomba. Watoto wote wa nyumba ile, wa upande huu na upande ule, walimzunguka na kuhesabu kwa sauti: moja! mbili! Wa kwetu walihesabu kwa nguvu kuliko hata wake. Walipofika saba wakashangilia kama mpira umeingia golini, na yule aliyekuwa akilia ndiye aliyeirudisha sufuria jikoni kwa mama yake.

Wakati huo huo wifi alikuwa ameshakaanga mayai ndani, ameyatia kwenye skonzi pamoja na kachumbari ya bakuli la pili. Tukala sote barazani, mikeka miwili imekaribiana.

Skonzi zetu zilikuwa ngumu kidogo nje na laini ndani. Mchuzi ulikuwa umeingia kwenye mkate bila kuulowesha, ngozi inavunjika, achari inaukata utamu mahali panapostahili. Shemeji mdogo alikula mbili bila kusema neno, akasimama na kuanza kupanga makaa kwa ajili ya nyingine, safari hii kwenye sufuria ya jiko la nje. Mfupa nilimkabidhi Mama, akaupeleka kwenye chungu cha maharage chini ya mparachichi.

Baba aliuliza kama ngozi imebaki. Ilikuwa imekwisha. Akamwita Mama na kuagiza kwamba paja la Pasaka lisiwekwe lote mezani. Sehemu yake ilale kwenye sanduku la barafu tangu mchana, na skonzi zinunuliwe mapema, maduka yakiwa bado wazi.