Akubali Kabla ya Kuozwa

Kwenye video ya harusi moja ya Tanga, bwana harusi anafumbua mdomo na kukubali ndoa huku shehe bado anataja mahari. Sauti ya "nimekubali" inafika baadaye, mwenyewe keshanyamaza na anajifuta jasho. Shangazi wa bibi harusi akasema kijana alikuwa na haraka zake. Ukumbi mzima ulicheka isipokuwa mpiga video, aliyekuwa bado anadai salio.

Kamera yake ilirekodi fremu 29.97 kwa sekunde. Kwenye kompyuta akaandika 30, kwani nani atagombania vipande hivyo vya fremu? Sauti aliinasa pembeni, nayo ikabaki na mwendo wake, huku picha ikikimbia kwa sehemu moja tu katika elfu. Kwa saa nzima, hiyo ni sekunde 3.6. Na mawaidha, kama kawaida, yalikuwa marefu. Alirudisha 29.97, shehe na bwana harusi wakapatana, salio likatoka.

Namba hiyo ya ajabu ni urithi wa Marekani. Mwaka 1953, wahandisi walipotia rangi kwenye televisheni ya fremu 30, walipunguza mwendo kidogo ili mawimbi ya rangi yasigongane na ya sauti kwenye seti za zamani. Rangi zikapatikana, hesabu ikaharibika hadi leo.

Nchi za umeme wa hezi 50, Tanzania ikiwamo, zilishika 25. Sinema nayo ina 24 zake. Basi kwa miaka mingi filamu ilipopelekwa kwenye televisheni za 25, iliharakishwa tu: ya saa mbili iliisha karibu dakika tano mapema, na sauti, isiporekebishwa, ilipanda karibu nusu toni. Jambazi mwenye sauti ya kutisha akapungukiwa ubabe bila yeye mwenyewe kujua.

Kutoka 30 kwenda 25 ni balaa jingine. Njia ya mkato ni kutupa fremu moja katika kila sita, na mama anayecheza kwa madaha huonekana kama anaruka madimbwi.

Simu ndizo hazina msimamo kabisa: nyingi, giza likiingia, hupunguza fremu zenyewe, na taa zikiwaka huziongeza. Mafundi wazoefu huipitisha video ya simu kwanza kwenye programu ya HandBrake, wakachagua idadi moja ya kudumu, ndipo waanze kuediti.