Sifa za Mkwaruzo

Washairi wetu wamekwisha kuwasifu wafalme, majahazi na wapenzi wasiojibu barua, na mafundi wa nakshi nao hupata fungu lao la heshima kila mgeni asimamapo Mji Mkongwe wa Unguja kuitazama milango ya msaji. Lakini mkwaruzo, ambao hufika mlangoni bila ya kualikwa na hukaa bila ya kulipa kodi, sijasikia aliyeutungia hata ubeti mmoja, na dhuluma hii nimeona ni faradhi kuiondoa.

Nasaba yake ni pana: ufunguo uliokosa tundu gizani, baiskeli iliyoegemezwa kwa dakika moja tu, kabati la arusi lililokataa kupita, na paka aliyefungiwa nje. Na uadilifu wake hauna mfano, kwani hupita juu ya mawaridi na minyororo iliyochongwa kwenye miimo ya tajiri kwa moyo ule ule upitao juu ya ubao mtupu wa fakiri.

Ama elimu yake, ni bahari. Mwenye nyumba aliyeingia na kutoka miaka mingi asijue kama mlango wake ni msaji au mfenesi, siku ya mkwaruzo huinama akapitisha ukucha: usipokwama, jeraha ni la vanishi tu, ukikwama, limeingia mtini. Hapo darasa hufunguliwa. Msasa hufuata nyuzi za mti, kwani ukienda mshazari huzaa mikwaruzo mia pahala pa mmoja. Palipobonyea huwekwa kitambaa kibichi na juu yake pasi ya moto, mvuke ukazivimbisha nyuzi zilizolala. Palipochimbika hujazwa unga wa mti ule ule uliokandwa kwa gundi. Kisha vanishi nyepesi, mkono baada ya mkono. Mwishowe kiraka hung'aa kuliko ubao wote, ikalazimu ubao wote upakwe, na ubao wa pili usikubali kudhalilika; hivyo mkwaruzo wa urefu wa kidole humpa seremala riziki ya juma zima.

Hata biashara ya dunia ina deni kwake. Katika karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa Mrima ilipakiwa Unguja ikavuka bahari hadi Salem, Marekani, kwa ajili ya vanishi. Na nani angaliigharimia safari hiyo, lau milango na meza za walimwengu zisingalikwaruzika?

Wapo wasemao kuwa mkwaruzo ni aibu. Mimi nasema ni shahidi asiyehongeka: kijana arudiye usiku wa manane aweza kumdanganya mama yake juu ya saa, lakini si juu ya zile alama mpya kandokando ya kitasa.

Kwa hiyo, ewe mwenye mlango, usiulaani mkwaruzo kwa pupa. Muulize kwanza fundi ujira wake, ndipo ulaani.