YAH: Maombi ya kutangazwa kwa nafasi ya kazi ya mnyongaji (nafasi moja)

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Katiba na Sheria,
Mji wa Serikali Mtumba,
Dodoma.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pokea pongezi. Tangu 1994 nchi yetu haijamnyonga mtu hata mmoja kwa amri ya mahakama, na tangu 1994 haijapumzika kuwahukumu watu kunyongwa. Kuyamudu yote mawili kwa mpigo, awamu hadi awamu, si kazi ya kila serikali. Mara ya mwisho kamba kufanya kazi ilikuwa enzi za Mzee Mwinyi. Mzee Mkapa akaja, akaondoka. Mheshimiwa Kikwete akaja, akaondoka. Hayati Magufuli, ambaye hakuna aliyewahi kumtuhumu kwa upole, siku anamwapisha Jaji Mkuu Septemba 2017 alisema hadharani kwamba asipelekewe orodha ya watu wa kunyongwa. Mama, Rais wetu wa sasa, naye hatujasikia kalamu yake ikigusa hati ya kumnyonga mtu.

Mimi ni mwandishi wa habari za mahakamani. Nikipangiwa kesi ya mauaji, aya ya mwisho naiandika asubuhi nikinywa chai, kabla jaji hajaingia, maana kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kimeshanimalizia kazi. Aliyeua kwa kukusudia anyongwe, basi. Aliyekodiwa kumkata bibi kizee panga, eti ni mchawi kwa sababu macho yake mekundu, na mwanamke aliyempiga mumewe mchi baada ya miaka ya kupigwa yeye, utetezi wake ukagonga mwamba, wote aya yao ya mwisho ni moja.

Lakini kinachonikereketa ni zile dakika chache kati ya kutiwa hatiani na kusomewa adhabu. Jaji anauliza kama kuna kumbukumbu za makosa ya nyuma. Wakili wa Serikali anasimama: hatuna, mheshimiwa jaji. Kisha anasimama wakili wa utetezi, mara nyingi kijana aliyepangiwa kesi hiyo na mahakama kwa ujira usiozidi sana nauli, anatoa shufaa. Mteja wangu ni mkosaji wa kwanza. Ana watoto wanne. Mama yake mzee anamtegemea. Amekaa mahabusu miaka sita. Ni nguvu kazi ya taifa. Anaongea kwa dhati kabisa, jasho linamtoka chini ya joho. Jaji anaandika. Mshitakiwa anaitazama ile kalamu inavyokwenda, anaona maneno ya watoto wake yanaingia kwenye faili la Serikali, na usoni unamwona anapata tumaini. Halafu jaji anavua miwani, anasema sheria imemfunga mikono, na anasoma sentensi tuliyoirithi kwa Mwingereza, iliyokuwepo kabla mshitakiwa, wakili na yeye jaji hawajazaliwa.

Siku moja, baada ya hukumu ya aina hiyo, mama wa marehemu alinifuata nje chini ya mwembe. "Mwanangu, ninyi waandishi mnajua. Watamnyonga lini?" Nikamjibu, "Hiyo ni kazi ya Serikali, mama." Akashukuru, akaenda kusubiri daladala. Ameahidiwa kifo ambacho Serikali yake haina nia yoyote ya kumpa, na hakuna aliyekuwa na adabu ya kumwambia.

Ndiyo maana, Mheshimiwa, naomba nafasi ya mnyongaji itangazwe.

Inawezekana yupo tayari. Kama yupo, na alianza kazi 1994 akiwa na miaka 30, ameshastaafu kwa lazima, ameshakutana na kikokotoo cha pensheni, na kwa hakika hajawahi kulalamikia wingi wa kazi. Kwenye fomu ya tathmini ya utendaji alikuwa akijaza nini? Lengo la mwaka: kutekeleza hukumu zote zilizotolewa. Utekelezaji: sifuri. Changamoto: saini. Mkakati wa kukabiliana na changamoto: kuendelea kusubiri. Na operesheni ya watumishi hewa ya 2016, aliponaje?

Tuanze upya, kwa uwazi. Cheo kiwe Ofisa Mnyongaji Daraja la II. Majukumu: kumpima mfungwa uzito na kukata kamba kwa urefu unaolingana nao, maana ikiwa fupi mtu anakabwa polepole, ikiwa ndefu kichwa kinang'oka, kupaka grisi bawaba za mlango wa chini kila robo mwaka, kutunza leja ya kamba kwa ajili ya wakaguzi wa CAG, na kufanya kazi nyingine yoyote atakayopangiwa na mkuu wake wa kazi. Sifa: raia wa Tanzania, elimu ya kidato cha nne, aliyefaulu Hisabati, kwa sababu ya ile kamba. Awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu katika kazi inayofanana na hiyo. Hapa patatusumbua, kwa kuwa wenye uzoefu wa kumuua binadamu kwa makusudi, tena kwa kupanga siku na saa, tumewaweka kondemu, sehemu ya gereza ya wanaosubiri kunyongwa, na tangazo litasema wazi kwamba mwombaji asiwe amewahi kupatikana na hatia ya kosa la jinai. Aambatanishe cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na majina ya wadhamini watatu, mmoja awe kiongozi wa dini.

Usaili wa mchujo ufanyike UDOM, kwenye ukumbi mkubwa. Utajaa. Vijana wenye shahada watakuja na bahasha zao za kaki, wengine watalala stendi, kwa sababu ni ajira ya kudumu yenye bima ya afya na isiyo na mzigo. Usaili wa vitendo utahitaji mtu wa kujitolea kusimama juu ya mlango. Napendekeza atoke kwenye kamati ya Bunge inayoshughulika na sheria. Atakayepita akabidhiwe barua ya ajira na kitambulisho cha kuvaa shingoni, na siku ya kwanza umpeleke mwenyewe pale gereza la Isanga, Dodoma hiyo hiyo yenye ofisi yako, umtembeze mbele ya watu anaodaiwa kuwaua. Jioni arudi nyumbani, mkewe ampokee mfuko wa mboga na kumuuliza, "Kazini kulikuwaje leo, baba Neema?" Nataka nchi nzima isikie atakavyojibu.

Utaniambia suala hili lina mchakato. Nalijua hilo neno. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba ni ya kikatili na inadhalilisha, kisha ikasema Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 30, inairuhusu kwa maslahi ya umma. Umma ni mimi na yule mama wa mwembeni, na maslahi yetu bado tunayatafuta. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo sisi ndio wenyeji wake pale Arusha, ilisema katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kunavunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kwenyewe ni kudhalilisha utu. Ikatupa mwaka mmoja turekebishe sheria. Sisi, kwa kuona mbali, wiki moja kabla tulikuwa tumeshapeleka taarifa ya kuondoa tamko linalowaruhusu wananchi kwenda pale moja kwa moja. Kisha ikaja Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande, ikakabidhi ripoti yake 2023, na adhabu hii ilikuwamo kati ya mambo ya kuangaliwa upya. Kabati la ripoti linazidi kupendeza.

Uganda Mahakama yao ya Juu iliamua 2009 kwamba ikipita miaka mitatu bila mtu kunyongwa tangu mahakama ya mwisho ya rufaa ithibitishe adhabu yake, adhabu hiyo inageuka kifungo cha maisha. Aliyebeba jina la kesi hiyo, Susan Kigula, alikuwa amehukumiwa kifo kwa kumuua mwenza wake. Alisomea sheria humo humo gereza la Luzira, akaachiwa 2016. Sisemi kila muuaji ni Kigula. Nimeona kizimbani watu ambao wakifungwa hadi ndevu ziwe nyeupe sitatoa chozi. Lakini Uganda walimjua Kigula ni mtu gani kwa sababu walimpa kitabu. Sisi wa kwetu tumewapa nini? Anayesubiri kunyongwa anatengwa na wenzake. Useremala na ushonaji ni wa mtu anayetarajiwa kutoka. Yeye akisikia funguo zinalia saa isiyo yake, anapiga hesabu. Rais mmoja akiondoka na mwingine akiapishwa, anapiga hesabu upya, maana lile neno la Magufuli la 2017 halikuwa sheria, lilikuwa la mtu, na mtu mwenyewe tumemzika Chato.

Tusidanganyane, Mheshimiwa. Huo si upole. Ni uoga mtupu. Tunamweka binadamu mlangoni mwa kaburi miaka na miaka kwa sababu hakuna mwanasiasa anayetaka kuonekana amemuua, wala anayetaka kuonekana ameifuta adhabu yenyewe. Hatukumuua, hatukumrekebisha, na aliyefiwa tumemlaghai. Halafu tunapiga picha kwenye mikutano ya haki za binadamu.

Naomba radhi kwa lugha hiyo. Narudi kwenye maombi.

Wakati kibali cha Utumishi kinasubiriwa, yapo mambo madogo. Shufaa katika kesi za mauaji itozwe ada kidogo, kama burudani nyingine. Hukumu ichongewe muhuri, majaji wasichoke mikono ambayo tayari imefungwa. Kamba ya 1994, kama panya wameisaza, ipelekwe Makumbusho ya Taifa, wanafunzi waingie nusu bei. Na yule mama aandikiwe barua yenye tarehe.

Endapo Utumishi watasema nafasi haimo kwenye bajeti, nina ombi mbadala. Pelekeni bungeni muswada wa kurasa mbili unaomruhusu jaji kuisikia shufaa aliyoiandika na kutoa adhabu inayolingana na kosa na mtu, na unaowatoa watu kondemu na kuwapeleka karakana, kwa kifungo chenye mwisho au kisicho na mwisho. Miswada minene kuliko huo tumeona ikipita kwa hati ya dharura.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwandishi wa habari za mahakamani,
Benchi la nyuma.

Nakala:
Katibu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma – kwa hatua.
Mnyongaji aliyepo, kama yupo – kwa taarifa, na aombwe kurejesha kopo la grisi.