Umaarufu Usio na Nauli

Ugomvi wangu na riwaya za mapenzi hauhusu mapenzi. Wapendane mpaka wachoke. Ninachouliza ni kimoja: hawa wasichana nauli wanaitoa wapi?

Nyumbani kwangu kuna wasomaji watatu: mama watoto, binti yangu, na shemeji aliyekuja kututembelea wiki moja na sasa ana ndoo yake bafuni. Wote wanafuata hadithi moja inayouzwa vipande vipande kwenye simu. Enzi za magazeti ya udaku ulisubiri toleo lijalo ujue kama binti kapona sumu, lakini gazeti lenyewe angalau lilifungia maandazi. Siku hizi mtunzi anakatisha pale hodi inapobishwa, chini anaweka namba ya kutumiwa pesa. Nani anabisha? Lipia kwanza. Mlipaji ni mimi, na anayebisha nimeshamjua: ni tajiri.

Katika hadithi hiyo wasichana watatu wamepanga chumba Sinza, Dar es Salaam. Mmoja anataka kuimba, mmoja anataka taji la urembo, wa tatu anataka filamu. Kazi hawana, na mwenye nyumba hajawahi kuonekana. Sinza hii hii ambako ukiulizia chumba unadaiwa kodi ya miezi sita mkononi, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja! Kwao maji hayakatiki, umeme wa LUKU hauishi, na binti akilia usiku kucha, asubuhi wanja uko palepale.

Mwimbaji ndiye anayenimaliza. Alikuwa anafua huku akiimba, prodyuza akapita dirishani, akamsikia. Sehemu inayofuata, wimbo unapigwa nchi nzima. Hakukaa kwenye benchi la studio, hakuambiwa "njoo kesho", hata kujisajili kwenye baraza la sanaa, BASATA, hakujisajili. Kisha ikanyesha mvua, na gari kubwa jeusi likamrushia matope. Mimi masika ya Dar es Salaam yamenirushia matope miaka yote, na sijaona gari lililopunguza mwendo, seuze kusimama. La kwake likasimama! Akashuka kijana mrefu, mtanashati, mkurugenzi wa kampuni. Kampuni ya nini? Haisemwi. Haiuzi hata viberiti, ila mkurugenzi inaye.

Nikawaambia, kama mnataka msichana aliyeusaka umaarufu, yupo wa kweli. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alikuwa akitembeza vyungu mpaka mjini na kuita wateja kwa sauti yake. Mwaka 1911 akahamia mjini, akafundishwa uimbaji, akaimba kwenye majumba ya watu. Santuri zake za kwanza alikwenda kuzirekodi Bombay mwaka 1928. Hesabuni: miaka kumi na saba! Shaaban Robert mwenyewe alimwandikia wasifu, kitabu kizima, wala hakukikatisha mlangoni.

Walinisikiliza kwa adabu. Kisha shemeji akauliza, "Sasa shemeji, mkurugenzi anaingia wapi hapo?"

"Haingii."

"Mh. Basi itachelewa kunoga."

Binti yangu akataka kujua kama hivyo vyungu havikuvunjwa na gari la mtu, maana hapo ndipo wangeweza kujuana. Mama watoto hakusema kitu, alikuwa anasoma.

Kwa hiyo nawaomba watunzi jambo dogo. Sura moja tu, msichana apande daladala. Konda ampigie kelele asogee nyuma wakati nyuma hakuna nafasi, kandambili moja ibaki Ubungo, afike kwenye usaili jasho linamtoka na orodha imefungwa. Aambiwe arudi kesho, na kesho arudi kweli. Na kama lazima apendwe, basi apendwe na kijana aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, asiye na gari wala kampuni, aliyeiona ile kandambili moja akanyamaza kwa heshima.

Mtunzi akiniandikia huyo, nitalipia sehemu zote hadi ya mia. Kwa mafungu.