Chopa si ya Wakubwa Peke Yao

Mtu akisema hapa kijiweni kwamba ananunua Fuso, tunampa hongera. Akisema anaongeza duara la pili la kuchimba dhahabu kule Mgusu, tunamwombea liteme. Sasa kijana mmoja mwenye karasha la kusaga mawe Katoro katuambia kwamba fedha ya mzigo huu akiipata, kabla ya kiwanja na kabla ya kitu kingine, atapanda basi hadi Nairobi akalipie somo lake la kwanza la kurusha helikopta. Kijiwe kizima kikasonya. "Mxyuu! Chopa? Wewe?"

Na mimi nasonya, ila nakisonya hicho kijiwe. Hilo neno "wewe" limenichoma.

Hebu tuulizane, jamani. Sisi watu wa Shinyanga na Geita, chopa ilitujia kwa shughuli gani? Mwaka 2005 Freeman Mbowe alizunguka nchi nayo akiomba urais, na baada yake wagombea wa kila rangi wakaizoea. Watoto wanakimbia, akina mama wanashikilia mabati ya vibanda, vumbi linaingia kwenye maandazi. Mheshimiwa anashuka, anahutubia, anapanda, anaondoka. Mwaka 2011, wakati wa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapila kule Samunge, Loliondo, maelfu walilala barabarani kwenye foleni ya magari, na wenye uwezo wakapita juu ya vichwa vyao kwa chopa. Kampuni za kutafuta dhahabu nazo huirusha chini chini juu ya mashamba ikiwa imebeba chombo cha kupima sumaku ya miamba. Hata kilicho chini ya mihogo yetu kinajulikana kwanza huko juu. Sisi kazi yetu imekuwa kuinua shingo. Hakuna aliyewahi kumwita mtoto wa hapa akamwambia: njoo, kaa, shika.

Mzee mmoja kasema chopa inaua. Ni kweli, mzee wangu, wala sibishi. Oktoba 2015 Mbunge wa Ludewa, Deo Filikunjombe, alikufa kwa chopa katika Pori la Selous, yeye, rubani na wenzao. Aprili 2024 Kenya ilimpoteza Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, kule Elgeyo Marakwet. Lakini mwaka huohuo wa 2015 wachimbaji watano walitolewa hai Nyangalata, huko Kahama, baada ya siku 41 chini ya kifusi. Mwenzao mmoja alifia humo. Wakiwa wanashuka na kamba siku ile, nani aliwasonya? Kijana akiingia futi mia mbili ardhini bila kofia ngumu tunamwita mpambanaji. Akitaka kupanda futi elfu moja, pembeni yake kakaa mwalimu mwenye leseni, tunamwita kichaa. Kipimo gani hicho?

Tena wengi wanaosonya hawajui somo lenyewe likoje. Nisikilizeni.

Helikopta za kujifunzia ni vitu vidogo. Robinson R22 ina viti viwili tu, na kila kiti kina mwisho wake, kilo 109, kwa hiyo utapimwa uzito kabla ya kupewa mkanda. Kwanza mnaizunguka mkiwa mmesimama chini: mafuta, mikanda, mapanga ya juu, panga la mkia. Hapo kwenye mkia ndipo mwalimu anapokazia sauti, kwa sababu likizunguka halionekani, na anayelisogelea hapati nafasi ya pili. Mashine ikiwa inanguruma unaijia kwa mbele, mahali rubani anakuona.

Mkiwa juu, mwalimu anakugawia kazi kidogo kidogo. Mkono wa kushoto una wenzo wa kupandisha na kushusha: ukiuvuta, mapanga yote yanabadili mlalo kwa pamoja na mashine inanyanyuka. Kwenye kishikio chake kuna mkono wa mafuta wa kuzungusha kwa kiganja, kama wa bodaboda, na hapo vijana wetu hawatakuwa wageni. Mkono wa kulia una fimbo ya kuelekeza mbele, nyuma na pembeni. Miguu ina pedali za panga la mkia, za kugeuza pua. Kimoja kimoja unakiweza. Shida inaanza ukiachiwa vyote vitatu, mita mbili kutoka ardhini, ukaambiwa: simama hapohapo usiende popote. Ukivuta kushoto, pua inageuka. Ukiirekebisha pua, mashine inateleza pembeni. Ukiifuata huko, inashuka. Kila anayeanza huyumba uwanja mzima mpaka mwalimu aseme "nimeishika", na kila kitu kinatulia papo hapo. Dawa yake ni kutazama mbali, kule mwisho wa uwanja, na kulaza mkono wa kulia juu ya paja ili fimbo iende kwa vidole tu. Anayekaza mkono, mashine inamkazia.

Na injini ikizimika? Haianguki kama jiwe, mzee. Rubani anashusha wenzo wa kushoto mara moja, upepo unaotoka chini unaendelea kuyazungusha mapanga, na kwa nguvu hiyo anateremka na kutua. Hilo hufundishwa na kurudiwa mpaka mkono uutangulie woga.

Hewa nayo ni somo. Shinyanga tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na jua la saa nane la hapa mnalijua. Hewa ya juu, tena ya moto, ni nyepesi, mapanga hayapati cha kushika na injini inakosa pumzi. Ndiyo maana wanafunzi huamka alfajiri. Uwanja wa Wilson pale Nairobi uko karibu mita 1,700, kwa hiyo kijana wetu asikubali kupangiwa mchana.

Mnauliza faida. Nitawapa mtu mmoja. Roger Gower alikuwa mhasibu Uingereza. Akaacha hesabu, akasomea urubani, akaja kufanya kazi huku kwetu. Mwishoni mwa Januari 2016 alikuwa na chopa ya doria katika Pori la Akiba la Maswa, ambalo hadi mikoa ilipogawanywa 2012 lilikuwa Shinyanga, akiwafuatilia waliokuwa wameua tembo. Walimpiga risasi kutoka chini, zikapenya sakafu. Akiwa na majeraha yale aliishusha mashine, mwenzake akatoka hai. Yeye akafa kabla msaada haujafika. Tembo wa Maswa ni wetu, na mtu huyo alikuwa na siku yake ya kwanza ya kukaa kile kiti, asijue kushoto wala kulia.

Hamu hii haiondoki kwa kusonywa. Mei 2016 kijana mmoja wa Bungoma alining'inia kwenye vyuma vya chopa iliyoleta jeneza, akapaa nayo mbele ya umati. Kule Tunduma fundi mmoja aliunda helikopta kwa vyuma alivyochomelea mwenyewe, watu wakaja kuitazama. Mimi sikumcheka hata mmoja wao. Niliona watu wenye mikono na moyo ambao mlango wa darasa haukuwahi kuwa karibu nao. Hapa Katoro na Kakola kuna vijana wanaofumua injini ya karasha usiku kwa tochi ya simu na asubuhi inasaga mawe. Mikono hiyo ya kujifunza tunayo.

Na viwanja tunavyo. Ibadakuli upo, Chato upo, Mwadui wana wao tangu enzi za Williamson wa almasi, Buzwagi mgodi ulifungwa 2021 na uwanja umebaki. Sheria ya madini tangu 2017 inaitaka migodi ikubaliane na halmashauri kuhusu mpango wa fedha za jamii. Madarasa na zahanati tumejenga, na tuendelee. Lakini kila mwaka, katika mabilioni hayo, tumeshindwaje kumtoa kijana mmoja wa Geita na binti mmoja wa Kahama wakasomee urubani? Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kimeingiza ndege zake za kufundishia marubani. Diwani aliyeapa kututetea aseme lini aliliweka hili mezani. Huyo ndiye wa kusonywa.

Wewe mdogo wangu wa karasha, nenda. Leseni ya rubani binafsi inaanzia miaka 17, cheti cha daktari na angalau saa 40 za kuruka. Lala mapema, usinywe kilevi usiku wa kuamkia somo, na mwombe mwalimu akuachie fimbo hata dakika tano mkiwa karibu na ardhi. Kisha usiondoke bila kudai daftari la urubani na dakika zako ziandikwe humo, na sahihi ya mwalimu, kwa sababu zinahesabiwa. Ukiruka nusu saa, zimebaki 39 na nusu.