Huduma Nane za Hospitali ya Wanyama St. Paul, Kuanzia Ile Isiyotufaa Kabisa

Sisi Waafrika Mashariki tunaoishi Minneapolis na St. Paul tuna mchezo mmoja usiotuchosha: kumcheka mbwa wa Kimarekani. Ana koti la baridi, ana keki ya siku ya kuzaliwa, na akiugua ana hospitali ya rufaa. Hospitali yenyewe iko kwenye kampasi ya St. Paul ya Chuo Kikuu cha Minnesota, chini ya kitivo cha tiba ya mifugo kilichoanzishwa 1947. Kilianzishwa kwa ajili ya ng'ombe, nguruwe na kuku wa wakulima wa jimbo hili. Mbwa alidandia baadaye.

Nimezipanga huduma zake, pamoja na za majirani zake, kwa kipimo kimoja tu: ningeruhusiwa kubeba moja kwenda nayo nyumbani, ningebeba ipi? Mjomba wangu, mfugaji wa Nyamira, nilimsomea orodha kwa simu. Maoni yake hayakuombwa, lakini yamo.

8. Mashine ya kutembelea majini. Hospitali kubwa za wanyama hapa huwa nayo. Ni sanduku la kioo lenye mkanda unaozunguka chini. Mbwa aliyepasuliwa goti anaingizwa, maji ya uvuguvugu yanapanda hadi nyongani, mkanda unaanza kwenda polepole. Maji yanambebea uzito, na msuli unapata nguvu bila goti kuumia. Kitaalamu sina ubishi. Mjomba: "Kwa hiyo unalipa ili mbwa atembee?" Huko kwake mbwa anafukuza bodaboda, na hajatumiwa bili.

7. Madaktari bingwa. Moyo, macho, ngozi, meno, mishipa ya fahamu: kila kiungo kina mwenyewe. Paka wa jirani yangu ameshaonwa na bingwa wa moyo. Mimi bado niko kwenye foleni ya daktari wa ngozi. Tuendelee kabla sijakasirika.

6. Dharura ya usiku. Mlango hauangalii nani katangulia kufika. Anaingia kwanza aliye karibu zaidi na kifo. Wageni wakubwa ni walafi: mbwa aliyekula chokoleti, aliyekula zabibu (figo zake zinaweza kugoma), aliyemeza pakiti nzima ya bazoka isiyo na sukari yenye zailitoli, ambayo huangusha sukari ya damu ya mbwa upesi mno. Majira ya baridi huongeza ya kwao. Maji ya kuzuia rejeta ya gari isigande yana utamu, na mbwa au paka akiyalamba kidogo tu ni safari ya figo. Chumvi inayomwagwa barabarani nayo huunguza nyayo, ndiyo maana unaona mbwa wa hapa wamevaa viatu. Nilicheka viatu hivyo hadi Januari yangu ya kwanza.

Kabla ya matibabu unapewa karatasi ya makisio ya gharama, na unatakiwa uitie sahihi. Hapo ndipo utajua unampenda mbwa wako kiasi gani. Bima za wanyama zipo, ila nyingi zinataka ulipe kwanza wewe, wao wakurudishie baadaye. Mjomba: "Hiyo si bima, hilo ni deni lenye kola." Kwa asiye nacho, wanafunzi wa kitivo hicho huendesha kliniki ya bure mjini iitwayo VeTouch, wakisimamiwa na madaktari wao. Hiyo ningeibeba mara moja.

5. Batman. Si sinema. Mwaka 2008 mbwa mwenye jina hilo aliletwa hapa na uvimbe wa ubongo wa aina ya glioma. Daktari wa upasuaji Elizabeth Pluhar aliutoa, kisha yeye na mwenzake John Ohlfest, mtafiti wa saratani za binadamu, wakamdunga chanjo iliyotengenezwa kutokana na seli za uvimbe ule ule, ili kinga ya mwili wake iwatambue maadui waliobaki. Batman akaishi zaidi ya mwaka mmoja baada ya hapo. Uvimbe huu kwa mbwa hufanana sana na ule wa binadamu, na mbwa huupata mwenyewe, hapandikizwi kama panya wa maabara. Kwa hiyo anayetibiwa hapa anawafanyia kazi na wagonjwa wa hospitali ya watu. Mjomba alinyamaza kidogo, kisha: "Huyo sawa. Huyo mpe keki."

4. Wodi ya tai. Kituo cha ndege wawindaji, The Raptor Center, kipo tangu 1974, na asili yake ni kichekesho. Profesa Gary Duke alikuwa akichunguza usagaji wa chakula tumboni mwa bata mzinga, akaletewa makinda wanne wa bundi, wenye afya kabisa. Mwanafunzi wake, Patrick Redig, akaanza kuunga mifupa ya mwewe waliovunjika. Leo kituo hupokea ndege wapatao elfu moja kwa mwaka: bundi, vipanga, kozi, na tai mwenye kichwa cheupe, yule wa kwenye nembo ya taifa.

Tai huyo ana adui asiyemjua. Msimu wa kuwinda paa ukifika mwezi wa Novemba, mwindaji anamtumbua mnyama wake porini na kuacha matumbo. Ndani yake kuna chembe za risasi ya bunduki. Tai anakula, madini ya risasi (lead) yanaingia kwenye damu, na anafikishwa kituoni mabawa yamelegea, kichwa kimeinama, hawezi kusimama. Anadungwa dawa inayonasa madini hayo na kuyatoa mwilini. Wengine hupona wakarushwa tena. Wengi wenye sumu kali hawaponi, ingawa mwindaji angeweza kutumia risasi za shaba na yote haya yasitokee. Huduma nzuri, lakini siibebi. Sisi tuna tumbusi wanaokufa kwa mizoga iliyotiwa sumu, na dawa ya hilo iko kwa anayetia sumu.

3. Uzazi hadharani. Uwanja wa maonyesho wa jimbo umepakana na kampasi. Kila mwisho wa Agosti, kwa siku 12, ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe huzaa ndani ya banda lenye viti vya watazamaji, huku madaktari na wanafunzi wa kitivo wakizalisha na kueleza kwa kipaza sauti. Mtoto wa mjini ameshika soseji ya kijiti mkononi, anamwona ndama akitanguliza kwato mbili za mbele na pua juu yake, anasahau kutafuna. Mjomba: "Watu wanalipa kiingilio kuona ng'ombe akizaa? Wape namba yangu."

2. Posta ya mawe. Mwaka 1981 Dakta Carl Osborne alianzisha hapa kituo cha kuchunguza mawe ya kibofu na figo za wanyama. Daktari popote duniani akimpasua mbwa au paka na kutoa jiwe, hulitia kwenye bahasha na kulituma St. Paul. Mawe yaliyopimwa yamepita milioni moja, na kwa miaka mingi upimaji ulikuwa bure, gharama zikibebwa na kampuni ya chakula cha wanyama ya Hill's. Yaani Marekani, nchi ya bili, kitu cha bure hospitalini kilikuwa ni jiwe la mbwa wa watu.

Si mchezo, maana aina ya jiwe ndiyo inayoamua tiba. Jiwe la struvaiti unaweza kuliyeyusha kwa chakula maalumu. Jiwe la oksaleti ya kalisi haliyeyuki. Ni kutolewa tu. Ukikosea, unamlisha mbwa chakula ghali na jiwe linakuangalia.

1. Maabara. Haina picha nzuri, haina mbwa mwenye viatu. Maabara ya uchunguzi ya kitivo hiki ndiyo maabara rasmi ya bodi ya afya ya mifugo ya jimbo. Minnesota inaongoza Marekani kwa ufugaji wa bata mzinga, na mwaka 2015 homa ya ndege iliiondolea kuku na bata mzinga karibu milioni tisa. Walijifunza kwa uchungu.

Basi Machi 2024, katika kaunti ya Stevens, magharibi ya jimbo, vitoto vya mbuzi vikaanza kufa shambani. Kuku na bata wa shamba hilo walikuwa wameshapata homa ya ndege mwezi uliotangulia, na mbuzi walikuwa wakinywa maji mamoja nao. Mzoga mmoja ukapelekwa St. Paul, ukapimwa, virusi vikaonekana. Maabara ya taifa kule Ames, Iowa, ikathibitisha. Ilitangazwa tarehe 20 Machi: mara ya kwanza Marekani kwa mnyama wa kufugwa anayecheua. Siku tano baadaye virusi vikatangazwa kwa ng'ombe wa maziwa wa Texas na Kansas.

Mjomba hakutania. Aliniuliza mzoga ulisafirishwaje.

Mwaka 2006 mvua zilipofurika Garissa, wafugaji waliona mbu wengi na kondoo na mbuzi wakitupa mimba, na wakaitambua hatari mapema kuliko ofisi yoyote. Homa ya Bonde la Ufa ilipothibitishwa rasmi, watu walikuwa wameshaanza kufa, na Kenya ilipoteza zaidi ya watu 150. Macho hayakukosekana; ilikosekana njia fupi kutoka zizini hadi maabara. Chuo Kikuu cha Minnesota kimeshirikiana na Makerere na vyuo vingine vya kwetu kwenye mtandao wa OHCEA, siku hizi AFROHUN, wenye makao Kampala, unaofundisha madaktari wa watu na wa mifugo pamoja. Hapo ndipo pa kuongeza nguvu.

Na wewe mwenye zizi nyumbani: vitoto vya mbuzi vikifa mfululizo, au mimba zikitoka kundi zima, usichune, usile, usimpe mbwa. Mpigie daktari wa mifugo wa kata yako, mzoga ukiwa bado mzima.